Baiskeli Isiyokwenda Popote

Mwaka ule daktari alimwamuru mume wangu atafute uchovu. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu ndivyo nilivyolisikia neno lake. Mimi uchovu nilikuwa nao tele, wa kugawia mtaa mzima na ukabaki, na hakuna daktari aliyewahi kuniuliza nimeupata wapi.

Tulikuwa tukikaa Makadara, katika nyumba ya kanso, ya kupanga kwa baraza la jiji, ya vyumba viwili, miaka ya themanini ikiwa bado michanga. Chumba kimoja kilikuwa cha watoto wetu watatu. Kingine kilikuwa chetu, na kilikuwa pia sebule, stoo na karakana yangu, maana mimi ni fundi wa nguo. Kati ya kitanda na dirisha ndipo ilipokaa cherehani yangu, ile ya kukanyaga kwa miguu. Nilishona sare za shule, nikashona magauni ya harusi za watu, nikapunguza suruali ambazo wateja walizinunua soko la Gikomba bila kuzijaribu. Asubuhi nilikanyaga, mchana nikakanyaga, na jioni baada ya kuosha vyombo nikakanyaga tena. Vitambaa na nyuzi nilivifuata Gikomba kwa miguu, nikarudi na furushi mgongoni.

Mume wangu alikuwa karani katika ofisi moja mjini, na alikuwa mtu wa kuketi. Aliketi ndani ya basi, akaketi ofisini, akaketi mbele kanisani pamoja na wazee, na akifika nyumbani aliketi kwenye kiti chake akaletewa maji ya kunawa. Alikuwa na tumbo zuri la heshima. Kwetu Ukambani tumbo la mwanamume ni cheti cha mke wake. Kila tulipokwenda nyumbani Krismasi, mama mkwe alimzunguka mwanawe akimkagua, kisha akanishika mkono na kuniambia, "Unamlisha, mama. Mungu akubariki." Maneno hayo nilikuwa nikiyapenda sana. Nilimkaangia nyama kwa mafuta mengi ili mwaka uliofuata niyasikie tena.

Siku moja tulipokuwa tukitoka kanisani alisimama ghafla kando ya ua wa watu, akaushika. Nilidhani anamsubiri mtu. Nilipomgeukia nikaona uso wake umekuwa na rangi ya majivu na jasho linamtiririka, na hakukuwa na jua. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi. Ndipo aliponiambia kwamba hata ngazi za ofisini zilikuwa zikimfanya hivyo, tena kwa muda mrefu, na kwamba alikuwa akiisingizia gesi.

Daktari alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu. Alimpima, akamsikiliza kifua, akavua miwani. "Mzee, moyo wako unabeba mzigo wa watu wawili," alimwambia. Akamwagiza apunguze mafuta na chumvi, ameze vidonge, na kila siku autikise mwili mpaka jasho limtoke. "Ukiendelea kuketi hivi, sitakudanganya, hutawaona watoto wako wakioa." Mimi nilikuwa nimeketi kando yake, pochi magotini, nikaikumbatia ile pochi kana kwamba kuna mtu anataka kuninyang'anya.

Tulipotoka nje, kabla hata ya kuvuka barabara, mume wangu aliniambia, "Neno hili lisitoke."

"Lisitoke kwenda wapi?"

"Popote. Ofisini wanatafuta mkuu wa makarani. Wakisikia moyo, watanipa saa ya ukutani na kunirudisha nyumbani nikalime. Na mtaani pia sitaki. Sitaki kuangaliwa kama maiti."

Nikakubali. Mwanamke anayeogopa hukubali mengi. Tangu siku hiyo sikulala tena usingizi wa maana. Nililala nikisikiliza pumzi zake, na zikikawia kidogo nilimsukuma kwa kiwiko akaamka akinung'unika kwamba namsumbua.

Kwanza alijaribu kukimbia. Alinunua raba nyeupe za kitambaa, akatoka alfajiri kabla watu hawajawa wengi, akashika njia ya kuelekea Jogoo Road. Kwetu wanasema mtu hakimbii miibani bure: kama si yeye anayemfukuza nyoka, basi nyoka anamfukuza yeye. Makadara nayo haikuwa na mtu mzima aliyekimbia bure. Mama mmoja aliyekuwa akifungua kibanda chake cha chai aliona pande la mtu likimjia mbio gizagizani, akapiga ukemi. Wanaume waliokuwa wakienda kazini viwandani wakasimama, wakaokota mawe. Mume wangu alinyanyua mikono juu. Kilichomwokoa ni kwamba mmoja wao alikuwa mshiriki wa kanisa letu, akaitambua ile sura.

"Mzee wa kanisa! Kumbe ni wewe? Umeibiwa?"

Hapo ndipo angesema ukweli. Lakini mume wangu, mzee wa kanisa, alisema ndiyo, alikuwa akimfukuza mwizi. Basi vijana wawili wenye mioyo mizuri wakachomoka mbio kumtafuta huyo mwizi, na sijui walifika wapi. Alirudi nyumbani amelowa jasho, akafunga mlango kwa komeo. Binti yetu mkubwa alimnong'oneza mdogo wake, "Buda amepigwa ngeta nini?" yaani kama baba yao amekabwa shingo na wezi. Niliwafukuza wote wawili waende shule.

Zile raba sikuziona tena miguuni mwake. Akaamua kutembea. Aliona kutembea hakuna ubaya. Atatoka mapema na kwenda kazini kwa miguu, amevaa tai, amebeba mkoba wake. Nilifurahi. Nilidhani tumepata njia.

Sikufikiria jambo moja, wala yeye hakulifikiria. Watu wengi wa mtaa wetu walitembea kwenda kazini, na hakuna aliyewatazama mara mbili, kwa kuwa walianza kutembea siku waliyoajiriwa. Lakini karani aliyezoea basi, akionekana kando ya barabara na tai yake, vumbi mpaka magotini, maana yake ilikuwa moja tu. Watu walimwona kutoka madirishani mwa basi lilelile alilokuwa akipanda nao. Wengine walimpungia mkono. Wengine waligeuza nyuso kwa heshima, wasimwaibishe.

Na ushahidi mwingine nikauongeza mimi kwa mikono yangu. Nilikuwa nimeacha kukaanga. Nyumba iliyonukia nyama ikaanza kunukia sukuma wiki ya kuchemshwa. Mwenye bucha aliyekuwa akituwekea mguu wa mbuzi kutoka machinjio ya Kiamaiko aliniita pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningependa aniwekee matumbo badala yake, kwa sababu matumbo nayo ni nyama. Suruali za mume wangu zilianza kulegea, nikazipunguza kiunoni, na mteja mmoja aliyenikuta nikizipunguza akatikisa kichwa akaondoka bila kusema alichokuja kusema.

Jumamosi alasiri wakaja akina mama wa kanisa.

Nilijua mara moja. Mimi mwenyewe nimekwenda nyumba nyingi kwa namna ile. Wakija wengi pamoja, wamevaa vitambaa vya kichwani, wakipunguza sauti wanapokaribia mlango, wamekuja kukuona kwa sababu ya shida. Mbele alikuwa mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kuanzisha nyimbo, na nyuma yake kiondo kikubwa kimebebwa na wawili. Waliketi kitandani, wakaketi vitini, mmoja akaketi kwenye kiti changu cha cherehani. Mume wangu alikuwepo, amejikunja kwenye kona yake na gazeti.

Kwetu mtu haambiwi waziwazi kwamba amefutwa kazi. Huzungukwa. "Tumekuja tu kuwaona," akasema mwenyekiti. "Tukasema, siku nyingi hatujaonana."

"Karibuni sana," nikasema. Na Jumapili iliyopita tulikuwa tumekaa benchi moja.

"Bwana akifunga mlango mmoja, hufungua mwingine."

"Amina," wakaitikia.

"Baba, usivunjike moyo."

Nilimtazama mume wangu. Nilimtazama kwa macho yangu yote mawili nikimwambia, sema sasa. Sema. Yeye aliinamisha kichwa juu ya gazeti, akasema, "Amina, mama." Maombi yalikuwa marefu, wakamwombea kazi ambayo alikuwa nayo, na bosi wake ambaye hakuwa amemkosea kitu alisamehewa. Kisha kikafunguliwa kiondo: unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni za kipande. Mafuta yalikuwa mengi, na mazuri. Nilikuwa na debe zima la unga nyuma ya pazia, nikaomba Mungu upepo usilipulize hilo pazia.

Na kiondo cha watu hakirudi kitupu. Hilo nililijua tangu nikiwa mtoto, mama yangu angefufuka kaburini anigombeze kama ningelisahau. Nikachota maharagwe, nikajaza, nikatia na ndizi mbivu juu. Wale akina mama walitazamana. Mwenyekiti machozi yakamlengalenga. "Mmeona?" akawaambia wenzake. "Hata katika shida hajasahau mila." Akanikumbatia kwa nguvu, nami nikiwa ndani ya mikono yake nikaona aibu isiyo yangu ikinipanda mpaka masikioni.

Walipokwenda, nilimgeukia.

"Umeacha wakuombee kazi uliyo nayo."

"Ningefanya nini?"

"Ungesema."

"Nisingeweza." Alikunja gazeti mara nne mpaka likawa dogo kama kitabu. "Lakini kutembea, sitembei tena. Nimekoma."

Jumatatu alirudi kwenye basi. Aliketi. Nilimwona kutoka dirishani akipanda, na nilichoka kwa namna ambayo usingizi hauwezi kuitibu. Mtu huyu alikuwa tayari kufa kuliko kuonekana akitembea. Sikuwa na namna nyingine ya kulisema.

Ndipo ilipoingia baiskeli.

Mzungu mmoja, mhandisi wa ofisini kwao, alikuwa akirudi kwao moja kwa moja na alikuwa akiuza vitu vya nyumbani kwake. Mume wangu alikuja na habari hiyo akiwa na uso niliokuwa sijauona tangu tulipotoka kwa daktari. Kulikuwa na baiskeli, alisema, lakini baiskeli ambayo haiendi. Unaiweka ndani ya nyumba, unafunga mlango, unakanyaga. Moyo unapiga, jasho linatoka, na hakuna mtu anayekuona. Bei haikuwa neno. Yule mtu alitaka tu nyumba yake iwe tupu kabla ya safari.

"Baiskeli isiyokwenda," nikasema.

"Ni ya mazoezi."

"Na inafika wapi?"

Akaanza kunionyesha ukubwa wake kwa mikono, na mimi sikutaka kumkera. Nilitaka kuamini. Jumapili baada ya ibada tukaenda kuitazama.

Mhandisi alitupokea miguu mitupu, kati ya masanduku. Alikuwa mtu mwema, alitupa soda, akatupeleka kwenye chumba kikubwa cha nyuma. Nyumba yetu nzima ingeingia humo na ingebaki nafasi ya kuanika nguo. Baiskeli ilikuwa imesimama karibu na dirisha, ina gurudumu moja zito la chuma na kiti cha ngozi. Juu ya usukani wake kulikuwa na mataulo mawili na koti. Mhandisi aliyatoa haraka. Mimi ni fundi wa nguo. Macho yangu huenda kwenye kitambaa kabla ya mengine. Nyuzinyuzi za taulo zilikuwa zimejaa usukani wote, na vikanyagio vilikuwa na vumbi la siku nyingi. Nikanywa soda yangu.

Mume wangu alivua koti lake, akapanda. Akakanyaga. Gurudumu likavuma. Alianza polepole, kisha akashika kasi, tai ikamrukaruka kifuani, na akatabasamu. Miezi mingi nilikuwa sijaliona hilo tabasamu. Alinitazama kama kijana aliyeazimwa baiskeli ya mjomba wake kule kijijini. Jasho likamtoka usoni, jasho zuri, si lile la kando ya ua. Nilitamani kulia. Nikasema moyoni, kama ni chuma hiki kitakachomweka hai, na kije, hata kama ni lazima tulale juu yake.

"Jaribu na wewe, mama," akasema mhandisi.

Nilipanda kwa sababu ya adabu, nikiwa na gauni langu la kanisani. Nikakanyaga kidogo, nikashuka. Miguu yangu iliitambua kazi ile mara moja na ikakataa. Ilijua ni Jumapili.

Mita yangu ya kupimia nguo haikosi ndani ya pochi. Niliitoa, nikaipima baiskeli urefu na upana, mhandisi akicheka. Tulipofika nyumbani nikaipima nyumba. Kwa watoto hakukuwa na nafasi, vitanda vilikuwa vimegusana. Chumbani kwetu kulikuwa na kitanda, kabati, meza ya stovu, viti viwili. Nilipima huku na huku nikirudia, na mume wangu akinishikia ncha ya mita, na sote wawili tulijua jibu kabla sijainama mara ya mwisho. Ingeingia mahali pamoja tu. Kati ya kitanda na dirisha.

"Cherehani inaweza kukaa veranda," akasema.

"Mvua je?"

"Tutaifunika nailoni."

"Na wezi? Na mwanga wa jioni? Nishone usiku nikiwa nje kama mlinzi?"

"Ni kwa muda."

Nikasimama na mita shingoni. Nilikuwa na maneno mengi, yalikuwa yamejipanga. Nilitaka kumwambia kwamba ile cherehani ndiyo ilinunua kitanda alichokuwa ameegemea, na sare za watoto, na ile tai. Lakini alisema, "Mama Watoto, ni moyo wangu." Alisema polepole, bila ukali. Nikaivua mita shingoni, nikaikunja. Nilimchukia kidogo kwa kunifunga mdomo kwa neno ambalo alinikataza nisilitamke, na wakati uleule niliogopa asije akafa nami nikiwa nimemchukia.

Wiki nzima nilifanya kazi za watu kwa haraka ili nimalize kabla ya kuhama dirishani. Dereva wa mhandisi angeileta baiskeli Jumamosi mchana, mume wangu akiwa amekwenda kazini kwa nusu siku.

Jumamosi asubuhi mimi na binti yangu tuliikokota cherehani. Ilikuwa nzito na ilikuwa haijawahi kuondolewa pale tangu tulipohamia. Tuliisukuma, tukaivuta, tukaivusha kizingiti, tukaiacha veranda pamoja na kiti changu. Binti akaenda kuteka maji. Nilirudi na ufagio. Pale chini kulikuwa na vipande vya nyuzi za kila rangi, pini zilizoshika kutu, vifungo vya mashati, hata jino la mtoto sijui lilifikaje. Nikafagia. Sakafu yote ya nyumba ile nilikuwa nikiipaka dawa nyekundu na kuisugua mpaka ikang'aa, lakini pale dawa ilikuwa haijawahi kufika. Palikuwa na saruji ya kijivu, na mbele yake mashimo manne madogo.

Mume wangu alikuwa amesimama na kikombe cha chai, tayari kwenda kazini. Aliinama akitazama.

"Haya mashimo ni ya nini? Panya?"

"Ni miguu ya kiti changu."

"Kiti kinatoboa saruji?"

"Kikikaliwa."

Alichuchumaa, jambo ambalo hakulifanya kirahisi. Akaingiza ncha ya kidole katika shimo moja, kisha jingine. Akainua macho akatazama mahali ambapo ningekuwa natazama kama ningekuwa nimeketi. Mbele kulikuwa na ukuta. Dirisha lilikuwa la ubavuni, la kuleta mwanga tu. Aliutazama ule ukuta kwa muda, chai ikipoa.

"Hapa ndipo nitakapokuwa nikikanyaga," akasema.

"Ndipo."

"Kila siku."

"Daktari alisema kila siku."

Alinyanyuka akishika kitanda. Uso wake ulikuwa umefadhaika, na nilipomwona hivyo nilidhani kifua kimemshika, nikatupa ufagio.

"Niko sawa," akasema. Kisha akasema, "Kukaa mahali pamoja namna hii, nikitazama ukuta, nakanyaga na siendi popote. Miaka yote. Sitaweza, Mama Watoto. Nakuambia ukweli, sitaweza."

"Mimi nimeweza," nikamwambia.

Sikulisema kwa hasira. Hasira inataka nguvu. Nililisema kama unavyomwambia mtu kwamba mvua imenyesha. Lakini lilipotoka lilibaki katikati ya chumba kile, na yeye akalitazama. Naomba nisimpambe, hakuniomba msamaha, hakunishika mkono. Alikuwa ameogopa, basi. Alikuwa ameuona mwaka wangu mmoja tu kwa macho yake, akaona hawezi kuuishi.

Aliweka kikombe mezani. Akavaa koti, akafunga tai vizuri mbele ya kioo cha kabati, akachukua mkoba.

"Dereva akija," akasema, "mwambie airudishe."

"Na moyo?"

Akatoka. Nilimfuata mpaka mlangoni. Kituo cha basi kilikuwa mkono wa kushoto. Bombani, mkono wa kulia, wanawake walikuwa wamepanga ndoo zao, binti yangu akiwa miongoni mwao, na mwenyekiti wa akina mama alikuwa mbele amekunja mikono, akingoja debe lake lijae. Mume wangu alikwenda kulia.

"Baba!" mwenyekiti akamwita kwa ile sauti yake ya kuanzisha nyimbo. "Bado unatembea? Bwana hajafungua mlango?"

Alisimama. Nilimwona mgongo tu, nikaona jinsi mkoba ulivyohama kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Nikashika fremu ya mlango.

"Mama, kazi ninayo," akasema. Ilikuwa sauti ya kusomea matangazo kanisani, ikafika mpaka kwangu. "Sikufutwa. Ni moyo ulio mgonjwa. Daktari amesema nitembee au nife. Basi nimeona nitembee."

Bomba liliendelea kumwaga, debe likafurika, hakuna aliyelisogeza. Binti yangu aligeuka akanitazama, nikamwitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. Mwenyekiti alikunjua mikono yake.

"Ehe," akasema hatimaye. "Basi tembea, baba. Lakini polepole. Jogoo Road haitahama." Kisha akaongeza, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, "Na yale mafuta tuliyowaletea, mkeo asikupikie!"

Watu wakacheka, na yeye akacheka, akainua mkono, akaenda. Nilimtazama mpaka alipopinda kona, koti likimlegea mabegani. Nikasema moyoni nitalipunguza.

Nilikuwa nimepanga kumwita mtu anisaidie kuirudisha cherehani ndani. Nikaketi kwanza, nipumzike kidogo, kwenye kiti changu pale veranda. Jua lilikuwa limefika. Niliweka mikono juu ya cherehani, nikaweka kichwa juu ya mikono, na usingizi ukanichukua palepale, mchana kweupe, mbele ya kila mpita njia, mimi ambaye nilikuwa sijawahi kuonekana nimefumba macho jua likiwaka. Hakukuwa na pumzi ya mtu ya kusikiliza.

Honi ndiyo iliyoniamsha. Pikapu ilikuwa mlangoni, baiskeli imefungwa kamba nyuma, na dereva wa mhandisi amesimama mbele yangu na kofia mkononi, akiona haya kuniamsha. Mtu fulani alikuwa amenifunika leso mabegani.

"Mama, samahani. Tuiweke wapi?"

"Irudishe, baba."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ametembea kwenda kazini."

Alinitazama kwa huruma, nikajua anachokifikiria, kwa sababu kila mtu alikuwa amekifikiria.

"Ni mgonjwa wa moyo," nikamwambia, na sikupunguza sauti. Kisha nikamwomba, kwa kuwa alikuwa na mikono yenye nguvu, kabla hajaondoka anishikie cherehani upande mmoja tuiingize ndani, lakini tuigeuze, ielekee dirishani.